Hatua Moja Nyuma ya Mchungaji

Kwa miaka mingi nilisimama kanisani upande wa kushoto wa mimbara, hatua moja nyuma ya mchungaji, nikisema maneno ambayo hayakuwa yangu. Nilikuwa mkalimani. Mchungaji wetu alikuwa mtu wa mto, mzaliwa wa vijiji vya chini kuelekea Bumba, na alihubiri kwa Lingala. Nusu ya kanisa ilimfuata bila shida: wauza samaki, wafanyakazi wa bandarini, wanajeshi na wake zao waliotembea kutoka kambi ya Kapalata. Nusu nyingine tulikuwa watu wa Maniema na Kivu, na Lingala ya mama zetu wengi iliishia sokoni. Basi ilikuwa sentensi moja ya Lingala, kisha sentensi moja ya Kiswahili, mpaka ibada iishe. Mzaha ukitolewa, watu wa mto walicheka kwanza na sisi tukacheka baadaye. Amina nazo zilikuja mara mbili.

Kanisa lilikuwa Kabondo, mtaa mmoja wa Kisangani, matofali mpaka kiunoni na mbao kuelekea juu, na bati ambalo mvua ikilishukia hapakusikika Lingala wala Kiswahili. Tuliimba tu mpaka mvua ichoke. Sitataja jina la mtu hapa. Wengi wao wameshalala, na tena miaka hiyo majina yalikuwa na matatizo yake: serikali ya Zaire ilitukataza majina ya ubatizo, kila mtu akaenda kutafuta la mababu zake, na njiani tukaitana sitwayeni, yaani raia. Kanisani tulibaki mama na papa, na ilitutosha.

Wito wangu ulinikuta nikiwa na panga mkononi. Ilikuwa Jumamosi ya salongo, ile kazi ya umma ambayo chama tawala kilitutoa nyumbani kuifanya, na mtaa wetu ulipewa mfereji wa kando ya barabara. Nilikuwa msichana, nimemaliza shule ya ualimu, nafyeka majani huku nikiwanung'unikia watu wa chama kimoyomoyo. Sikusikia sauti. Sikuona mwanga. Nilijua tu, kama mtu anavyojua kwamba amesahau kitu nyumbani, kwamba nitasimama mbele ya watu niwahubirie neno la Mungu, na kwamba nisipofanya hivyo sitakaa nikatulia. Niliegemea panga nikabaki nimeduwaa mpaka msimamizi akanipigia kelele.

Jioni nilimwambia papa, baba yangu mzazi. Papa alikuwa karani katika ofisi moja kule Makiso, mtu wa abakosti, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi, aliyeyapima maneno kabla ya kuyatoa.

"Uko hakika ile iko Mungu? Haiko jua?"

"Ni Mungu, papa."

"Bon. Kama iko Mungu, haitapotea. Enda uambie pasta."

Nilikwenda. Nilimkuta mchungaji nje ya nyumba yake ameipindua baiskeli, mikono yote grisi, na nikamweleza kwa Lingala nilivyoweza. Hakunicheka. Aliweka mnyororo chini, akafuta mikono, akasema kwa upole: "Mwana na ngai, zela naino. Tango ya Nzambe ekoki naino te." Mwanangu, ngoja kwanza. Wakati wa Mungu bado haujafika. Kisha akaniombea, akarudi kwenye baiskeli. Upole ule ndio ulionichoma zaidi, maana mtu mkali ungeweza kugombana naye ukarudi nyumbani umepumua.

Kuwa mkalimani hakukuwa mpango wa mtu. Aliyekuwa akifanya kazi hiyo alikuwa fundi mwashi, naye akapata kazi Isiro akahama na familia yake. Mchungaji akatazama kwenye mabenchi, akaniona mimi mwalimu mwenye lugha zote mbili, akasema nisaidie kwa sasa tu. Wazee wa kanisa wakakaa kikao. Mwanamke asimame karibu na mimbara? Walizungushana maneno mpaka mmoja wao, aliyekuwa na njaa nadhani, akamaliza mjadala: "Ile iko kama redio tu. Nani anauliza kama redio iko mwanaume ao mwanamke?" Wote wakaona ni kweli. Kuhubiri ni kazi ya wanaume, kukalimani siyo kuhubiri, na mwanamke ruhusa. Nilipata nafasi yangu kwa sababu hiyo, nami nikaikumbuka sababu hiyo kila Jumapili.

Lakini niseme kweli, kazi niliipenda. Ina adabu zake. Huongezi, hupunguzi. Mhubiri akisema "mimi", nawe unasema "mimi", husemi "anasema kwamba yeye". Akinyanyua mkono unanyanyua, ila wako uwe chini kidogo ya wake. Mchungaji alijifunza kukata sentensi zake fupi, nami nilijifunza kujua kwa pumzi yake mahali atakapokomea, hivi kwamba hatukuwahi kugongana. Siku nyingine mahubiri yake yalikosa chumvi kabisa, nami nilikuwa na chumvi tele kichwani, na bado sikutia hata punje. Hilo najivunia mpaka leo.

Mahubiri yangu mwenyewe niliyahubiri jikoni. Niliolewa na muuguzi wa zahanati, mtu mpole wa maneno machache na mizaha mingi, na nilipokuwa naponda ndizi za lituma niliponda na neno humo humo. Mume wangu alikuwa akichungulia mlangoni. "Sufuria imeokoka leo?" aliuliza. Au, "Punguza, mama, hizi ndizi hazina zambi tena." Nilimfukuza kwa mwiko. Lakini alipoondoka nilikuwa nahisi uzito, kwa sababu alikuwa amesema kweli: wasikilizaji wangu walikuwa sufuria.

Kila baada ya muda nilirudi kwa mchungaji. Jibu lilikuwa lile lile, na upole ule ule. Wakati wa Mungu. Niliona jambo ambalo bado naliona: watu wanaokwambia ungoje wakati wa Mungu mara nyingi ndio wenye ufunguo mfukoni. Hakuna aliyemwambia mgonjwa wa malaria angoje wakati wa Mungu. Alipelekwa kwa mume wangu akadungwa sindano. Nilipomwambia papa hayo alicheka sana, kisha akasema nisiache kinywa changu kikimbie mbele ya moyo.

Iliyoniuma kuliko zote ni Jumapili waliyowekewa mikono vijana wawili wa kanisa letu, wametoka chuo cha Biblia. Mmoja wao nilikuwa nimemfundisha kusoma mwenyewe, herufi kwa herufi. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Kijana akaulizwa na mchungaji kama ameitwa kweli, naye akajibu kwa Lingala, kwa sauti ya kutetemeka, nami nikafanya kazi yangu. Nilisema, kwa Kiswahili, mbele ya watu wote waliotoka kwetu: "Mungu ameniita. Nimesikia. Niko tayari." Sauti yangu haikutetemeka. Mama zetu wakasema amina, wakimtazama kijana. Hakuna hata mmoja aliyenitazama mimi, na wala sikuwalaumu, maana hivyo ndivyo mkalimani mzuri anavyotakiwa kuwa. Nilirudi nyumbani nikalala kitandani na kitambaa changu cha kanisani kichwani mpaka jua likapungua. Mume wangu hakuleta mzaha siku hiyo. Alipika mwenyewe, akaunguza makayabu, samaki wa chumvi, tukala hivyo hivyo.

Miaka ikaenda. Papa alistaafu, akarudi kufia Maniema. Mshahara wa mwalimu ukawa wa kucheka nao, tukalima nyuma ya nyumba. Kanisa nalo likakua, kwa sababu watu wakikosa cha kushika wanashika Mungu, na mabenchi hayakutosha tena. Ndipo wazee wakatoa uamuzi: ibada zitakuwa mbili. Ya asubuhi mapema itakuwa ya Lingala, ya pili itakuwa ya Kiswahili, na atatafutwa mhubiri wa Kiswahili kutoka Kivu. Mchungaji alitangaza hayo mwisho wa ibada, nami nikayakalimani, sentensi kwa sentensi, na nilipofika sentensi ya mwisho nikaelewa nilichokuwa nikitangaza. Kanisa lenye ibada mbili halina haja ya mkalimani. Hata ile hatua moja nyuma ya mchungaji nilikuwa naipoteza.

Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Shuleni kwetu, kama kila shule na kila ofisi ya Zaire, siku ilianza na animasyo: walimu na wanafunzi uwanjani, tunaimba na kucheza kumsifu Rais na chama chake kabla ya somo lolote. Nilikuwa nimezoea mpaka mwili ulicheza wenyewe. Asubuhi hiyo mikono yangu ilimpigia Rais makofi, kiuno kikaenda kushoto na kulia kama inavyotakiwa, na moyoni nilikuwa nagombana na Mungu kwa lugha ambayo nisingeitumia mbele ya watoto. Nilimwuliza kwa nini aliniita kama hakuwa na haja nami. Nilimwuliza kama alikuwa amekosea nyumba. Nilimwambia kwamba hata chama kikimtuma mtu kinampa kazi ya kufanya.

Wimbo ulikuwa mrefu. Nadhani ndiyo maana nikafika mwisho wa hasira yangu kabla haujaisha, na nilipofika huko sikukuta nilichotegemea. Nilikuta kwamba namwamini bado. Sikuwa nimepanga. Nilijichunguza kama mtu anavyojipapasa baada ya kuanguka na baiskeli, na imani ilikuwa pale, nzima. Nikamwambia: "Wewe nakuamini. Hawa ndio siwaamini. Basi fanya unavyotaka, na mimi Jumapili nitafanya kazi yangu mpaka wanitoe." Amani iliyoniingia hapo uwanjani siwezi kuieleza vizuri. Nilicheza ubeti wa mwisho kwa moyo hata mkuu wa shule akanisifu mbele ya wote kwa upendo wangu kwa taifa.

Yaliyofuata niliyasikia kwa watu, kwa sababu sikuwamo kikaoni. Wazee waliwaita wawakilishi wa upande wa Kiswahili wawaeleze habari za mhubiri atakayetoka Kivu. Miongoni mwa walioitwa alikuwa mama mmoja mzee, muuza mafuta ya mawese kutoka Kindu, aliyekaa benchi la mbele kila Jumapili na mguu wake mbovu ameunyoosha njiani. Alisikiliza, akauliza huyo mtu wa Kivu anakuja kufanya nini.

"Kuhubiri kwa Kiswahili, mama," wakamwambia.

"Lakini mutu ya kutuhubiria tuko naye," mama akasema. "Ule mama mwalimu."

Wakamweleza kwa subira kwamba yule hahubiri, anakalimani tu. Mama akawakasirikia.

"Miye Lingala sijue. Papa pasta anapaza sauti, miye nangojea mama aseme. Tangu nilifika hapa Kisangani, neno yote nilisikia, nilisikia kwa kinywa yake. Nilibatizwa sababu yake. Mutoto wangu alikufa, ni yeye alinisemea maneno ya Mungu pale kwa kaburi. Sasa munasema hahubiri? Ndio nani alinihubiria?"

Wengine wa upande wetu wakaanza kuitikia kwa vichwa, kisha kwa midomo. Yule mzee wa redio, mzee sana sasa, alijikuna shingo.

Mchungaji alikuja nyumbani kwetu wiki ile. Alikuwa na umri mkubwa tayari, presha imemwandama, baiskeli ameiacha na anatembelea fimbo. Nilimpa kiti na chai. Alizungusha kofia mikononi, akasema wazee wamekubali nihubiri ibada ya Kiswahili, na wataandika maombi kwa wakubwa wa kanisa ili niwekewe mikono kama wengine. Kisha akasema: "Tango ekoki, mama." Wakati umefika.

Ningeweza kupokea tu. Lakini mimi ni mimi. "Wakati wa nani, Pasta?" nikamwuliza.

Mume wangu alikohoa, akatoka nje kwenda kuangalia kuku. Mchungaji alikunywa chai yake mpaka mwisho, akashukuru, akaaga.

Wazee waliamua Jumapili ya kwanza tukusanyike wote pamoja, watu wa mto na watu wetu, ili kazi mpya ibarikiwe na kanisa zima. Baada ya hapo tutagawanyika. Walipanga viti, walipanga kwaya, walimpanga mtu wa kufukuza mbuzi mlangoni. Sikulala vizuri siku hizo. Jumapili ilipofika nilivaa kitenge changu kizuri. Nikapanda mimbarani, na kwa mara ya kwanza sikukomea hatua moja nyuma. Nilisimama katikati, mikono juu ya ule ubao uliolainishwa na mikono ya mchungaji, na kutoka hapo niliwaona watu kwa upande ambao sikuwa nimezoea.

"Mungu aliniita nikiwa msichana, nina panga mkononi," nikasema.

Nikanyamaza. Si kwa makusudi: nilikata sentensi pale pale ambapo maisha yangu yote sentensi zilikatwa, nikageuka kidogo kumpisha mwingine aseme. Hapakuwa na mwingine. Mama zetu wakasema amina. Watu wa mto walinitazama wakingoja. Nikawatazama wazee, nao wakatazamana, na taratibu tukaelewa wote kwa pamoja. Walikuwa wamepanga kila kitu isipokuwa mkalimani. Hakuna aliyemfikiria, kwa sababu mkalimani wa kanisa lile alikuwa mimi.

Nilikuwa nimeshaanza kuisema mwenyewe kwa Lingala, pale fimbo iliposikika sakafuni. Mchungaji alikuwa anainuka kutoka benchi la wazee. Alipanda polepole, akaja kusimama kushoto kwangu, nyuma kidogo, akaegemea fimbo. Akasema kwa sauti yake ile kubwa: "Nzambe abengaki ngai tango nazalaki elenge mwasi, mbeli na loboko." Kila neno. Nilimtazama kwa mshangao, naye akasema chini chini kwa Lingala kwamba miaka yote ile kila alichosema alikisikia mara ya pili kwa Kiswahili, ingekuwaje asijifunze. "Loba, mama," akasema. Sema.

Nikasema. "Nilikwenda kumweleza mchungaji," nikasema, na yeye akasema. "Mchungaji aliniambia ningoje wakati wa Mungu." Hapo alivuta pumzi, lakini akaikalimani yote. Sentensi iliyofuata nilikuwa nimeiandaa nyumbani kabla ya kujua itapita katika kinywa cha nani, na kwa nukta moja nilifikiri kuiruka kwa kumhurumia. Sikuiruka.

"Nimengoja miaka yote hii," nikasema, "na Mungu hakuchelewa hata siku moja."

"Nazelaki mibu nyonso oyo," akasema mchungaji, "mpe Nzambe aumelaki ata mokolo moko te." Kisha hakuniachia zamu. Alibaki anatazama chini, akafanya jambo ambalo mkalimani hafanyi. Aliongeza. "Ngai nde naumelaki," akasema.

Upande wa mto ukavuma. Wake wa wanajeshi wakashika midomo. Upande wetu mama zetu wakageuka kunitazama mimi, kama walivyonitazama siku zote, na yule mama wa mawese akauliza kwa sauti, mguu wake njiani: "Anasema nini?"

Nilimpenda yule mzee wakati ule kuliko nilivyowahi kumkasirikia, na nilikuwa nimemkasirikia sana. Mama alikuwa anangoja, na kanisa zima linangoja, na kazi ile ina adabu yake. Huongezi, hupunguzi.

"Mimi ndiye niliyechelewa," nikawaambia.

Walielewa ni nani anayesema. Amina ya upande wetu ikaja, nyuma ya ile ya watu wa mto kama kawaida, na mchungaji akaniashiria niendelee. Nikaendelea na mahubiri yangu, naye akabaki pale kushoto mpaka nilipomaliza.